Mpira wa Dhiraa Moja

Breki za gari dogo karibu zote ni metali. Masta silinda ni metali, paipu nyembamba zinazotambaa chini ya sakafu ni chuma, kalipa za mbele na silinda za nyuma vilevile. Tatizo ni kwamba magurudumu hayatulii. Ya mbele hukata kulia na kushoto, na yote manne hupanda na kushuka kila penye shimo na kila penye tuta. Paipu ya chuma ikilazimishwa kucheza namna hiyo itachoka, kisha itakatika. Ndiyo maana kipande cha mwisho, kutoka kwenye bodi hadi kwenye gurudumu, huachiwa hosipaipu: mpira mweusi wa kiasi cha dhiraa moja, unene wake wa kidole. Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoingia sokoni mwaka 1999, inayo minne, na mguu wa dereva unaitegemea yote.

Fundi wa injini ana sifa zake tayari. Akimaliza kazi mwenye gari anasikia mlio umebadilika, anapiga simu kushukuru, anawaambia na jirani. Fundi aliyebadilisha hosipaipu hapigiwi simu. Gari linarudi likiwa lilelile. Linasimama likikanyagwa, na kusimama ndiko kulikotarajiwa. Nadhani ndiyo sababu kazi hii haiimbwi, ingawa mimi naihesabu miongoni mwa kazi safi kabisa zinazofanyika chini ya mwarobaini.

Mwarobaini wenyewe uko Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile inayoitwa kwa namba. Upepo wa bahari unafika hapo na chumvi yake, hivyo kila nati iliyo chini ya gari ina kutu ya kujieleza. Wateja wengi wa gereji iliyo chini yake wana nyumbani kwao Lushoto au wana biashara huko. Lushoto iko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kushuka Mombo ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari likitoka pwani na kutu yake, likaenda kushuka mlima ule, makosa madogo ya gereji hukua haraka.

Vitz iliyoletwa ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Gari linasemaje?"

"Linavuta kushoto. Si nikikanyaga breki, hapana. Linavuta nikishaachia. Na rimu ya mbele ya kushoto inakuwa ya moto."

Fundi hakuinuka mara moja. Alimwomba arudie maneno yale, hasa lile la "nikishaachia". Fundi mwenye haraka angekwishasema pedi zimekwisha, au kalipa imekwama, akamtuma kijana dukani. Huyu alikuwa amesikia jambo jingine. Gari linalovuta wakati wa kukanyaga lina ugonjwa wake. Linalovuta baada ya mguu kuondoka lina gurudumu lililokataa kuachia, na swali ni nani anayelishikilia.

Alizuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi mbili, kisha akalitikisa gari kwa bega kuhakikisha limekaa. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu atakayeingiza kichwa chini, na hilo halijadiliwi kwenye gereji ile. Akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono: likaenda. Kijana wake, spanaboi, akakanyaga breki na kuachia. Gurudumu likagoma. La kulia, kwa kukanyaga kulekule, lilikuwa limeshaachia.

Hapo alichukua spana ndogo akalegeza nipo ya kalipa, ile skrubu yenye tundu inayotumika kutolea upepo. Mafuta yakaruka kidogo, kisha yakatulia. Akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka.

Napenda kueleza kilichotokea hapo, kwa sababu ni hoja nzima isiyokuwa na neno hata moja. Kama pistoni ya kalipa ingekuwa imeshikwa na kutu, kufungua nipo kusingeisaidia, ingebaki imebana. Imeachia, basi kalipa ni nzima, na kilichokuwa kikiibana ni mafuta yaliyozuiwa kurudi. Yamezuiwa wapi? Masta silinda ya magari kama haya imegawanywa mara mbili, kila nusu ikihudumia gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa pili. Masta silinda ingekuwa na hatia, gurudumu jingine nalo lingeshikwa. Ameshikwa mmoja tu. Anayebaki ni mpira wa dhiraa moja, ambao kwa nje ulikuwa mweusi, laini, usio na ufa hata mmoja.

Hosipaipu ya breki ni tabaka juu ya tabaka. Ndani kuna mrija wa mpira uliochaguliwa kwa kuvumilia mafuta ya breki. Juu yake kuna nyuzi zilizosukwa, mara nyingi suka mbili, ambazo ndizo zinazobeba nguvu. Nje kuna koti la mpira la kuzuia jua, maji na mawe. Mrija wa ndani ukizeeka unaweza kubanduka, kikatokea kijiulimi kinachoning'inia ndani ya tundu ambalo tangu awali ni jembamba. Mguu wa dereva una nguvu, unasukuma mafuta yakakipita. Kurudi ndiko kwenye shida. Pistoni ya kalipa hairudishwi na springi. Inarudishwa na raba yake yenyewe, iliyopinda kidogo wakati wa kubana na sasa inajinyoosha, na nguvu hiyo ni ndogo mno kukishinda kijiulimi. Mpira umegeuka mlango wa kuingia bila kutoka.

Nguvu ninayoitaja si ya mchezo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 na kitu. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, mpira ule hupokea zaidi ya psi 1,000. Kanuni namba 106 ya usalama wa magari ya Marekani inataka hosipaipu ivumilie psi 4,000 kwa dakika 2, kisha isipasuke kabla ya psi 7,000 ikiwa tundu lake ni milimita 3 au dogo zaidi. Kuna jaribio jingine ndani ya kanuni hiyo ninalolipenda zaidi: mpira unafungwa kwenye mashine inayouzungusha na kuupinda mfululizo kwa saa 35, ukiwa umejaa maji yenye msukumo, na hauruhusiwi kupasuka. Aliyeandika masharti yale alifahamu kwamba mpira hauchoshwi na kubanwa peke yake. Unachoshwa na kutikiswa.

Wazo la kutumia kimiminika kubeba nguvu ni la zamani. Blaise Pascal, Mfaransa, alieleza kanuni yake katika karne ya 17. Kulitia kwenye gari kulimsubiri Mmarekani Malcolm Loughead, aliyepata hataza ya breki za namna hiyo mwaka 1917. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ilitoa gari lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Tangu hapo uhandisi umebadilika sana, lakini shida ya kuvusha mafuta kutoka kitu kilichotulia hadi kitu kinachocheza haikubadilika, na jibu lake mpaka leo ni mpira.

Ingawa mhalifu alishajulikana, fundi aliwakagua na wale watatu waliobaki. Aliwaosha kwanza kwa maji na sabuni; petroli haigusi kitu cha mpira kwake. Kisha taa ya mkononi, na vidole. Anaupinda mpira taratibu ili kuufungua uso wake, maana nyufa za uzee hujificha mpira ukiwa umenyooka. Anatazama zaidi kwenye shingo, pale mpira unapoingia kwenye kifungo cha chuma, kwa kuwa hapo ndipo kucheza kote kunapoishia. Anamwambia kijana akate usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto, naye analala ubavu akiangalia kama mpira unagusa tairi au rimu. Mtu aliyefunga matairi mapana kuliko ya kiwandani anaweza kuukuta umelika upande mmoja bila yeye kujua. Mwisho anaufumbata mpira kwa kiganja, anasema "kanyaga", na kusikilizia kwa ngozi. Mpira mzima hukaza tu. Mpira uliokatika nyuzi za ndani huvimba mahali fulani chini ya kidole, na huo hautoki gereji ile ukiwa bado kwenye gari.

Ile ya mbele kulia haikuwa na kasoro aliyoiona, hata hivyo aliagiza mbili. Za mbele zilizeeka pamoja, alisema, na breki za mbele zikitofautiana nguvu gari litamchagulia mwalimu upande wa kwenda. Za nyuma, zinazounganisha bodi na ekseli, aliziacha.

Kununua nako ni ufundi, na hapa sina huruma. Soko letu limejaa mipira isiyojulikana ilikotoka, na kuna wanaouza hosipaipu za magari yaliyovunjwa, wakisema ya Japani iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bandia. Kwa taa au mlango hoja hiyo naipokea. Kwa mpira wa breki siipokei. Umri wake hausomeki kwa macho, na tumeshaona kwamba ugonjwa mbaya kuliko yote hukaa ndani. Fundi alimpa kijana mpira wa zamani kama kielelezo cha urefu na umbo la vifungo, akamwagiza asome maandishi ya mpya: jina la mtengenezaji, tarehe, ukubwa wa tundu, na herufi HR au HL, ya kwanza ikiwa aina ya kawaida na ya pili ile isiyotanuka sana. Na mistari. Kanuni ile ya Marekani inataka hosipaipu inayouzwa peke yake iwe na mistari miwili myembamba, mmoja kila upande, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi ya mistari itaonekana baadaye. Akasisitiza pia washa za shaba, mbili kwa kila upande. Kijana akauliza kama za zamani hazifai. "Zilishabanwa zikashika sura ya bolti ile," alijibiwa. "Hazina cha kutoa tena."

Sasa nati. Ningekuwa na uwezo wa kuonyesha sehemu moja tu ya kazi nzima, ningeonyesha hii. Paipu ya chuma inaunganishwa na mpira kwa nati ndogo ya spana namba 10, nati inayoikumbatia paipu na ambayo, Tanga, imeoana na paipu hiyo kwa kutu. Ni laini, imetoboka katikati, na pembe zake huliwa upesi. Fleti spana inaishika kwa pande mbili tu. Ukivuta kwa nguvu inateleza, pembe zinaviringika, halafu kinaitwa koleo, halafu paipu inapinda, na kazi ya kubadilisha mpira imekuwa kazi ya kutengeneza paipu mpya hadi kwenye masta silinda. Ringi spana ingefaa ila haiwezi kupita, paipu iko njiani. Kwa hiyo kuna spana ya paipu: ringi iliyokatwa nafasi ndogo, paipu inapenya, nati inashikwa karibu pande zote. Fundi yule anayo moja, hamwazimi mtu.

Alianza kwa brashi ya waya, akisugua nati na kipande cha paipu kilicho juu yake mpaka rangi ya chuma ikaonekana. Akatia dawa ya kutu, akaenda kunywa chai. Aliporudi akatia tena, akagongagonga kishikizo kwa nyundo ndogo ili dawa izame, akahamia kwenye kazi ya mtu mwingine. Mwalimu alitazama saa. Fundi hakumtazama mwalimu. Baadaye sana alichukua spana mbili, moja ikishika kifungo cha mpira ili kishikizo kisipinde, nyingine kwenye nati. Akavuta kidogo. Nati ikasogea, na paipu ikaanza kujisokota nayo. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa furaha ya kuona kitu kinasogea. Yeye alirudisha nyuma, akakaza kidogo, akalegeza kidogo, akatia dawa, akakaza, akalegeza, macho yakiwa kwenye paipu na si kwenye spana, mpaka nati ikazunguka na paipu ikabaki imetulia. Hakushangilia. Aliivuta klipu, akautoa mpira kwenye shokapu, kisha akafungua bolti ya kalipa.

Kabla ya kufungua alikuwa ametega kijiti kati ya pedali na kiti, pedali ikiwa imeshuka kidogo. Niliuliza. Pedali ikishuka kiasi kile, pistoni ya masta silinda inakuwa imelipita tundu la kuingizia mafuta, hivyo mafuta ya kwenye kopo juu hayawezi kutiririka na kumalizika wakati paipu iko wazi. Kijiti cha bure, na masta silinda haikauki. Tena mafuta yale yakidondoka hula rangi ya gari. Ndoo ya maji ilikuwa karibu kwa ajili hiyo, kwa kuwa maji huyaosha.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, lakini kuna mambo ambayo kufungua hakukufundishi. Nati ya paipu huanzwa kwa vidole, zamu kadhaa, kabla ya spana kuigusa. Hesi zake ni nyembamba na zikipishana hazisameheki. Washa moja ya shaba inakaa chini ya jicho la mpira, nyingine juu. Bolti haikazwi kwa hasira, maana ina tundu ndani na hukatika. Na mpira haupaswi kusokotwa hata kidogo. Hapa mistari miwili inalipa: ikinyooka kutoka bodi hadi kalipa, mpira umelala kwa amani, ikizunguka mithili ya mzabibu, fungua uanze tena. Aliona mpindo mdogo upande wa kulia, ambao mimi nisingeuona, akafungua akaanza tena. Baada ya hapo usukani ukakatwa tena mwisho hadi mwisho, yeye akiwa chini na taa.

Kalipa alipoishusha ili kusafisha pedi, aliifunga kwa waya kwenye springi. Hakuiacha ining'inie kwa mpira, ijapokuwa ingekuwa kwa dakika chache. Vilevile hajawahi kuubana mpira kwa koleo ili kuzuia mafuta. Mrija wa ndani hupasuka pasipo koti la nje kusema lolote, na pengine ndivyo ule wa kushoto ulivyoumizwa na mtu wa kabla yake.

Kutoa upepo ni sehemu inayosikika. Kijana kwenye kiti, fundi kwenye gurudumu, mrija mwangavu ukitoka kwenye nipo na kuzama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.

"Pampu."

Kijana anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia.

"Shika."

"Nimeshika."

Nipo inafunguliwa, mapovu yanakimbia kwenye mrija, pedali inazama.

"Usiachie."

Nipo inafungwa.

"Achia."

Akiachia kabla ya nipo kufungwa, upepo utafyonzwa kurudi ndani na kazi itaanza upya, kwa hiyo kuna utii katika maneno yale ambao hata askari wa gwaride wangeuheshimu. Pedali yenyewe haipelekwi hadi sakafuni: kwenye gari la miaka ishirini na zaidi, raba za masta silinda zikisukumwa kwenda mahali ambapo hazijafika siku nyingi zinaweza kukwaruzwa na kutu iliyoko huko. Kijana huweka kipande cha ubao chini ya pedali. Kopo la juu hutazamwa mara kwa mara na kuongezwa.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sehemu ya unyevu huo hupenya polepole kwenye mipira yenyewe. DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kwa kiwango cha kipimo, kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko wa Mombo tofauti hiyo ndiyo pedali ngumu au pedali inayozama. Wapo pia wanaojaza oili ya usukani kwenye kopo la breki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Oili hiyo huvimbisha kila raba iliyoko ndani, na dawa yake ni kubadilisha raba zote, mipira yote.

Na wapo wanaofanya jambo baya zaidi. Mpira ukipasuka na spea haipo, paipu ya gurudumu lile inakunjwa na kupondwa kwa nyundo, au gololi inawekwa kwenye nati ili kuziba, gari linarudishiwa mwenyewe likiwa na breki tatu, naye haambiwi. Siwezi kuliita hilo ufundi wa shida. Ni hadaa, na anayelipia ni abiria.

Vitz ilijaribiwa mtaani polepole kwanza, kisha kwa kasi, fundi akiachia usukani kidogo baada ya kila breki kuona kama itavuta. Haikuvuta. Alirudi, akagusa rimu zote mbili, akalala tena chini kutafuta unyevu kwenye nati. Halafu akachukua mpira wa kushoto, akauchana kwa kisu kutoka shingo hadi shingo, akampa mwalimu. Kijiulimi kilikuwepo, chembamba, karibu na kifungo cha juu.

Bei aliyotaja ilimfanya mwalimu agune, maana mipira miwili na chupa ya mafuta vilikuwa nusu yake tu. Nusu nyingine ilikuwa ya muda, ule wa chai, wa brashi, wa kukaza na kulegeza. Ilipwe bila kuguna. Nawe ukipeleka gari lako, usimharakishe aliye kwenye nati. Omba kuoneshwa mistari ya mpira mpya kabla gurudumu halijarudishwa, na omba mpira wa zamani uchanwe mbele yako.